Mvua ya Asilimia 60

Februari ikielekea ukingoni, kuanzia Karatina hadi Nanyuki swali huwa moja: mvua itaanza lini? Anayeuliza hakosi wa kumjibu. Simu ina jibu lake, wingu dogo lenye matone matatu. Mtangazaji wa redio ya Inooro ana lake asubuhi, na wa Muuga kule Meru ana lake. Muuza mbegu husema "wiki hii hii", maana mbegu zimejaa dukani. Mzee wa jirani huutazama mlima, akatikisa kichwa, akasema bado. Kufikia Machi mkulima amesikia majibu matano, na huishia kuchagua lile linalokubaliana na alichokuwa ameshaamua kufanya.

Lawama huja baadaye. Mvua ikichelewa hadi Aprili, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutukanwa kuanzia kwenye matatu hadi kwenye baraza la chifu. Mimi naona idara hiyo hulaumiwa kwa kosa ambalo mara nyingi si lake. Tunauchukua utabiri kama ahadi, ambayo ama imetimizwa ama imevunjwa, na ukiuchukua hivyo hauwezi kukufaa shambani, sokoni wala kwenye mjengo. Utabiri hukueleza shaka ni ya kiasi gani. Anayejua kuipima shaka hiyo hufaidika hata mwaka ambao majirani wote wanasema "walikosea".

Tuanze na utabiri wa msimu, kwa kuwa ndio unaosomwa vibaya kuliko mwingine wote. Ule unaotuhusu sana huku hutolewa kabla ya masika ya Machi hadi Mei, ambayo wazee wetu huyaita mvua ya njahĩ, na tena kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, mvua ya mwere. Wataalamu wa ukanda huu hukutana kwanza katika kongamano lililoanza 1998, ambalo siku hizi huandaliwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD. Kisha kila nchi hutoa utabiri wake, na hapa Kenya huteremshwa hadi kwenye kaunti.

Ramani yake ina rangi, na nyuma ya kila rangi kuna tarakimu tatu. Zinatokana na hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chukua mvua ya msimu huo mahali pamoja kwa miaka 30, uipange kuanzia mwaka mkavu kabisa hadi mwaka wa mvua nyingi kabisa. Miaka kumi ya mwanzo iite chini ya kawaida, kumi ya katikati kawaida, kumi ya mwisho juu ya kawaida. Mtu asiyejua lolote kuhusu msimu ujao atasema kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Mtaalamu akishatazama joto la bahari na mwendo wa pepo, huongeza kwenye fungu moja na kupunguza kwenye mengine. Tuseme amefikia hivi: juu ya kawaida 45, kawaida 35, chini ya kawaida 20. Kesho yake gazeti litaandika kwamba mvua kubwa yaja. Lakini jumlisha 35 na 20, unapata 55. Mtaalamu yule amesema mvua ya juu ya kawaida ina nafasi kubwa kuliko fungu jingine lolote, na kwa kauli hiyo hiyo amekiri kwamba kuna nafasi inayozidi nusu isiwe hivyo. Ikija mvua ya kawaida, hakudanganya mtu.

Vijana wanaobeti mechi za Uingereza kila Jumamosi wanalielewa jambo hili kuliko wazazi wao. Hakuna kijana anayeamini kwamba timu iliyopewa nafasi kubwa lazima ishinde, na ikifungwa hasemi aliyepanga nafasi zile ni mwongo. Mchezo huo umekula karo za wengi na siusifu. Ninachosifu ni ile hesabu. Tungekuwa tunasikiliza utabiri wa masika kwa sikio la mbeti, tungepunguza magomvi na tungepanda vizuri zaidi.

Halafu uliza: kawaida ya wapi? Kawaida ya Kieni, kuanzia Mweiga hadi Naro Moru na kuendelea, ni ndogo sana ukiilinganisha na ya Othaya au Chuka. Msimu wa kawaida kabisa unaweza kukausha mahindi ya H614 katika nyanda za Kieni bila mtabiri yeyote kukosea, kwa sababu aina hiyo hukaa shambani miezi sita na zaidi, na mvua ya huko haikai hivyo. Aina ya Katumani, inayokomaa kwa miezi mitatu au minne, huenda ikavuka. Kwa hiyo mtu wa Kieni akisikia "kawaida" asishangilie. Ajiulize mvua ya kawaida ya kwao huwa inatosha zao gani, kisha achague mbegu kwa jibu hilo.

Mlima wenyewe ndio chanzo cha tofauti hizi, na ni vizuri kuuelewa kabla ya kuilaumu simu. Pepo zenye unyevu hutujia kutoka Bahari ya Hindi, upande wa mashariki na kusini-mashariki. Zikigonga Mlima Kenya hulazimika kupanda, hewa hupoa, mvua hushuka. Ndiyo sababu Embu, Kerugoya, Chuka na miteremko ya Meru hunyeshewa vizuri. Pepo zikifika upande wa pili zimekwisha kumwaga maji yake, na Nanyuki, Timau na nyanda za Laikipia hubaki kwenye kivuli cha mvua. Nyeri mjini iko katikati ya mambo: mlima mashariki, Aberdare magharibi, na kila mteremko una tabia yake. Unaweza kutoka Othaya ukiwa umelowa, ukapita mjini penye mawingu matupu, ukafika Mweiga ukakuta vumbi. Othaya ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini, na Mweiga vilevile kwa upande mwingine.

Sasa fikiria programu ya simu. Nyingi huchukua hesabu za vituo vikubwa vya dunia, ambavyo huigawa dunia katika miraba. Mraba wa kituo cha Ulaya una upana wa kilomita 9 hivi, wa Marekani 13 hivi. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo kunaweza kuingia bonde, kilima na msitu, na kompyuta ikavihesabu kama ardhi ya aina moja. Simu ikikuambia "Nyeri, mvua saa tisa", haijui kama uko Ruring'u au upande ule wa Zaina. Ushauri wangu ni kuweka kwenye simu jina la kituo kilicho karibu na shamba lako badala ya jina la makao makuu ya kaunti, na hata hivyo ulinganishe na taarifa ya idara yenyewe, ambayo ina maafisa wake katika kaunti na vituo vya kupimia katika miji kama Nyeri, Embu na Meru. Afisa anayeishi hapa anajua Kieni si Mathira. Kompyuta ya ng'ambo hujua hilo nusunusu.

Na ile asilimia ya simu ina maana gani? Ukiona 60, maana yake ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na hiyo, sita hivi mahali hapo hupata mvua inayopimika. Haisemi kwamba itanyesha kwa asilimia 60 ya siku, wala kwamba asilimia 60 ya mji italowa. Na haisemi hata kidogo kwamba mvua itakuwa kubwa. Kwa hilo tafuta milimita. Julai, wakati wa gathano, majira yetu ya baridi, utaona asilimia 80 na milimita moja: hiyo ni rasharasha ya kukuharibia nguo kwenye kamba, basi. Aprili unaweza kuona asilimia 30 na milimita 40, na hiyo ndiyo ya kukufanya uzibue mitaro siku hiyo hiyo.

Umbali wa siku pia una uzito wake. Utabiri wa kesho na kesho kutwa ni wa kutegemewa. Wa siku tano hadi saba hukupa mwelekeo mzuri wa kupanga kazi za wiki, kama vile kupalilia, kunyunyiza dawa au kumwaga zege. Ukipita siku kumi, unachoonyeshwa ni tabia ya msimu iliyovikwa tarehe. Anayechagua saa ya harusi kwa kutazama simu wiki tatu kabla anajiburudisha tu.

Misimu nayo hailingani kwa kutabirika, na hili wakulima wengi hawajawahi kuambiwa. Vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Mvua ya Oktoba hadi Desemba hufuata sana joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na bahari hubadilika polepole, hivyo mtaalamu huweza kuona dalili miezi kabla. Masika hayana kamba moja inayoyavuta, na ndiyo sababu utabiri wa Februari husitasita. Kwa hiyo, upe utabiri unaotoka mwishoni mwa Agosti au Septemba uzito mkubwa zaidi kuliko ule wa Februari. Ukiwa na uamuzi wa gharama, kama kuchimba bwawa, kununua tangi au kukodi ekari ya pili, ni busara kuupima kwa utabiri wa vuli.

Hata hivyo, usishikwe na jina El Niño, yaani kupanda kwa joto la Pasifiki, kama kwamba ni jini la kila miaka michache. Wote wanaokumbuka 1997 wanakumbuka madaraja yaliyosombwa. Lakini mwaka 2015 Pasifiki ilipata joto kali tena, Wakenya wakajiandaa kwa gharika, na gharika ya namna ile haikuja. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, ila upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida, vuli ikamwagika na maporomoko yakaua watu Pokot Magharibi Novemba hiyo. Mwaka uliofuata ukaanza na nzige hadi Laikipia na Meru, kwani ardhi yenye unyevu huwapa pa kuzaliana. Ukisikia "El Niño", uliza mara moja: na Bahari ya Hindi je? Bahari hizo mbili zikikubaliana, chukua hatua. Zisipokubaliana, ongeza shaka.

Mwaka 2023 zilikubaliana, na hapo ndipo tulipata somo jingine kuhusu watu wanaotusomea utabiri. Idara ilikuwa imeonya kuhusu vuli yenye mvua nyingi. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia Wakenya kwamba wataalamu wamebadilisha kauli, kwamba mvua itakuwa kubwa lakini haitafikia kiwango cha uharibifu kilichohofiwa. Watu wakapumua. Novemba mito ikafurika, na kufikia mwisho wa msimu zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Sitaki kuingia katika nani alimwambia nani nini. Kwa msomaji wa kawaida jambo ni hili: utabiri uliopita katika kinywa cha mwanasiasa huwa umepoteza tarakimu zake njiani. Urudie ulikotoka. Taarifa ya idara huwa na tarehe ya kutolewa, kipindi kinachohusika, eneo na kiasi cha uwezekano. Ujumbe wa WhatsApp usio na hivyo vinne usiusambaze, hata kama umetumwa na shemeji yako. Mara nyingi huwa ni taarifa ya mwaka jana.

Sasa tufike penye pesa, kwa sababu hapa ndipo utabiri unapoanza kulipa.

Watu huuliza, "Je, itanyesha?" Ukitaka utabiri ukusaidie, anza na maswali mengine mawili: nikijikinga nitatumia kiasi gani, na nisipojikinga kisha inyeshe nitapoteza kiasi gani? Gawanya kiasi cha kwanza kwa cha pili. Utabiri ukiwa juu ya jibu hilo, jikinge. Ukiwa chini, acha.

Tuseme umeanika mahindi kwenye turubai nyuma ya nyumba. Kumlipa kijana ayakusanye na kuyafunika jioni ni shilingi 300. Yakinyeshewa yataota ukungu, utapoteza ya shilingi 6,000. Gawanya 300 kwa 6,000 unapata asilimia 5. Basi hata simu ikisema kuna nafasi ya asilimia 20 tu ya mvua, hiyo ni mara nne ya kiwango chako. Funika. Wengi huiangalia ile 20, wakasema "leo hakuna mvua", wakaenda mjini.

Siku hiyo hiyo jirani yako ana mahari ya binti yake na anawaza kama aongeze hema la shilingi 12,000 kwa ajili ya wageni wa ziada. Mvua ikinyesha bila hema hilo, viti vitalowa, chakula kitahamishwa na watu watabanana sebuleni, hasara anayoikadiria kuwa 16,000. Kiwango chake ni asilimia 75. Kwa utabiri huo huo wa asilimia 20 hana haja ya hema. Utabiri ni mmoja, nyumba zinapakana, maamuzi yanapingana na yote mawili ni sahihi. Ndiyo maana nakataa kumjibu mtu anayeniuliza kama utabiri wa leo ni "mzuri". Mzuri wa kufanya nini?

Kuna hasara ambazo hesabu hii haizitoshi. Mtu aliyekopa pesa za mbegu na mbolea kwenye chama, au ambaye mavuno hayo ndiyo karo ya muhula wa pili, hawezi kucheza na wastani. Kwake msimu mmoja mbaya hautafidiwa na misimu mitatu mizuri ijayo, kwa kuwa mtoto atakuwa ameshatoka shuleni. Mtu huyo na ajikinge hata pale ambapo mgawanyo unasema asijikinge. Mwenye akiba ndiye anayeweza kufuata tarakimu mpaka mwisho.

Kupanda kabla ya mvua, yaani kutupa mbegu kwenye udongo mkavu na kungoja, ndio mchezo mkubwa wa Machi. Faida yake ni ya kweli: mbegu hutumia mvua ya kwanza, na rutuba ambayo mvua hiyo huiamsha udongoni. Hatari yake ni mvua ya uongo, ile inayonyesha siku mbili, mbegu ikachipua, kisha jua likarudi wiki mbili. Mimi napendekeza kugawa. Shamba la nusu ekari, panda theluthi moja mapema ikiwa utabiri wa wiki unaelekea kwenye mvua, na theluthi mbili uzishike hadi uone mwanzo wa kweli. Mwanzo wa kweli una kipimo, si hisia. Kanuni inayotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku tatu, na baadaye kusiwe na ukame mrefu wa wiki moja au zaidi. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Ya pili ndiyo unayoiulizia utabiri wa siku saba, na huko utabiri ni hodari.

Kupima si kazi ya maabara. Chukua mkebe wenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, uufunge kwenye kigingi mahali pasipo mti wala paa karibu. Kila asubuhi saa tatu chovya rula, andika milimita, mwaga. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita mraba. Ukijua hilo unajua na tangi lako: paa la bati la mita 6 kwa 8 ni mita mraba 48, na mvua ya milimita 10 huliangushia lita 480. Toa zinazoruka na kuvuja kwenye mifereji, utabaki na 400 hivi. Mwenye tangi la lita 5,000 anaweza kusoma utabiri wa wiki na kujua kama atanunua maji Ijumaa au atasubiri.

Kando ya mkebe weka daftari. Upande mmoja andika ulichoambiwa, asilimia na milimita. Upande wa pili andika kilichotokea. Usihukumu kwa siku moja. Baada ya misimu miwili kusanya siku zote ambazo simu ilisema 70 hivi. Kama ilinyesha kwako karibu siku saba kati ya kila kumi, simu hiyo unaweza kuiamini. Kama ilinyesha nne tu, umegundua kwamba kwenye mteremko wako 70 ya simu ni 40, na kuanzia hapo unaitumia ukiwa umeisahihisha. Hakuna mtaalamu wa Nairobi anayeweza kukufanyia kazi hiyo kwa shamba lako.

Daftari hilo pia ndilo mahakama ya haki kwa dalili za jadi. Sipendi dharau ambayo wasomi huzitupia, wala sipendi kuziabudu. Mti wa mũhũtĩ huchanua maua mekundu wakati wa kiangazi, matawi yakiwa hayana majani, na wazee hupima majira kwa maua hayo. Siafu hubadilisha njia. Upepo hugeuka. Mlima, ambao siku za kiangazi huwa wazi hadi saa nne asubuhi, huanza kufunikwa mapema. Nyingi ya dalili hizi husoma jambo ambalo tayari lipo: unyevu umeshaingia hewani, joto la udongo limeshabadilika. Kwa hiyo huweza kukuambia kwamba mvua iko karibu. Haziwezi kukuambia itaendelea hadi Mei au itakatika katikati ya Aprili. Mzee akikupa dalili, iandike na tarehe yake kama ulivyoandika ya simu. Wapo wazee watakaoishinda simu.

Nyanda hizi zina historia yake ya ubashiri, na jina linalotajwa kwanza ni Mugo wa Kibiru. Jomo Kenyatta alimsimulia katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938: inasemwa aliwaonya Wagĩkũyũ kwamba watakuja wageni wenye ngozi ya rangi ya chura mdogo, wenye fimbo zinazotoa moto, na nyuma yao nyoka wa chuma. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Tawi jingine baadaye likapanda kupitia Karatina hadi Nanyuki. Heshima yake naiacha palepale ilipo. Ninachomwomba msomaji ni kutambua tofauti ya kazi. Onyo la namna ile hufundisha watu jinsi ya kuishi na wageni watakapokuja, na halihitaji tarehe. Lakini anayekujia leo akikuambia "kutakuwa na mvua ya ajabu", bila mwezi, bila eneo, bila kiasi, amekupa kauli ambayo haiwezi kukosea kamwe, na kwa hiyo haiwezi kukusaidia kuchagua siku ya kupanda. Mwulize: wapi, lini, kiasi gani? Akikasirika, umepata jibu.

Maswali hayo hayo mwulize anayetabiri bei. Februari 2025 kahawa ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili katika soko la New York, na muda si mrefu kila kituo cha matatu kilikuwa na mtaalamu wa kahawa. Muuza miche akikuhimiza upande, kumbuka mche huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na hakuna mtu, wa hapa wala wa New York, anayejua bei ya mwaka huo. Panda kama hesabu yako inasimama hata bei ikirudi ilikokuwa.

Kwa watu wa Kieni, Laikipia, Mbeere na Tharaka kuna karatasi moja zaidi ya kusoma, ambayo wengi hawaijui ingawa imeandikwa kwa ajili yao. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti kame na zilizo nusu kame, na Nyeri imo kwa ajili ya Kieni. Taarifa hiyo hueleza hali ya malisho, umbali wa kwenda kutafuta maji, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, na inataja kama eneo liko katika hali ya kawaida, ya tahadhari au mbaya zaidi. Isome sambamba na utabiri wa msimu. Vuli ya 2020 ilikuwa haba, na kuanzia hapo misimu mitano mfululizo ikakosa mvua ya kutosha katika maeneo mengi kame ya nchi, hadi mwisho wa 2022. Aliyeuza nusu ya kondoo wake mapema, wakiwa na nyama, alinunulia familia chakula. Aliyesubiri hadi kila mtu auze alikuta bei imeanguka na mnyama amebaki mifupa. Uza unapoona mambo mawili pamoja: utabiri unaoelekea chini ya kawaida, na bei ya mbuzi inayoanza kushuka dhidi ya gunia la mahindi. Moja likiwa peke yake, ngoja taarifa ya mwezi ujao.

Wewe ambaye hutangaza mambo kwa wengine, chifu, katekista, mwenyekiti wa chama cha ushirika au mwenye duka la pembejeo, una dhima kubwa kuliko ya mtu anayejipangia mwenyewe. Usiugeuze utabiri kuwa habari njema au mbaya. Soma tarehe yake kwanza. Taja tarakimu kama zilivyo: "nafasi 45 kati ya 100". Sema ni lini utabiri mpya utatoka, kwa sababu huu wa leo utazeeka, na ukisha kuzeeka uuondoe ubaoni. Taarifa ya mvua kubwa ikitoka, wanaoishi kwenye miteremko mikali ya Othaya na Mukurweini na walio kandokando ya mito waambiwe siku hiyo hiyo, wala isingojewe Jumapili.

Kabla ya vuli, mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, tafuta ofisi ya hali ya hewa ya kaunti au mkutano wanaoufanya na maafisa wa kilimo, na uende na daftari lako. Uliza mvua inatarajiwa kuanza wiki ipi kwa upande wenu, kuisha wiki ipi, na kama katikati kunatarajiwa pengo la ukame. Kisha mwonyeshe afisa tarehe ambazo mvua ilianza kwako misimu iliyopita na milimita ulizopima. Kituo chake kiko mjini na wewe uko Gakawa kule Kieni. Kwa miaka mingi idara hiyo imetegemea vipimo vya shule, misheni na wakulima wa kujitolea kujaza mahali ambapo haina mtu.